Tarikhi ya Safari za Zuhura

Kabla darubini haijafika mikononi mwa wataalamu wa Ulaya, na karne nyingi kabla roketi haijabuniwa, watu wa mwambao wetu walikuwa wakiijua Zuhura kwa jina, kwa saa zake na kwa tabia yake. Mvuvi aliyesukuma ngalawa majini kabla ya alfajiri aliiona ikiwaka upande wa mashariki, kubwa kuliko nyota zote, akaiita ng'andu. Na miezi kadhaa baadaye, ilipokwisha kupotea machoni kwa muda, aliiona tena upande wa magharibi baada ya jua kuchwa. Wanajimu, ambao watu waliwaendea kutaka shauri la ndoa, la safari na la maradhi, waliipa Zuhura siku ya Ijumaa kama walivyoipa Zohali siku ya Jumamosi, na katika hesabu zao za falaki waliiweka miongoni mwa nyota za saadi, yaani nyota za heri, mahaba na furaha. Masheikh waliosomesha tafsiri misikitini walikijua pia kisa cha Haruta na Maruta, na jinsi baadhi ya wapokezi wa kale walivyosimulia kuwa mwanamke aliyewafitini malaika hao alipandishwa mbinguni akawa nyota hiyo, kisa ambacho wanazuoni wengi wamekikataa, walakini hakikuacha kusimuliwa.

Leo tunajua kuwa nyota hiyo ya heri ni nchi isiyokalika. Ukubwa wake ni karibu sawa na wa dunia yetu, maana kipenyo chake ni kilomita 12,104 na cha dunia ni kilomita 12,742, wala hakuna sayari nyingine inayotujia karibu kama inavyotujia hiyo, kwani katika mzunguko wake hufika mahali ambapo baina yake na sisi ni kilomita milioni 40 hivi. Ilhali ardhi yake ina joto la nyuzi 460 za Sentigredi, joto la kuyeyusha risasi, hewa yake ni hewa ya ukaa isipokuwa sehemu ndogo tu, na uzito wa hewa hiyo juu ya kila kitu kilichosimama pale ni mara 90 na zaidi ya uzito wa hewa yetu, sawa na mgandamizo ulioko baharini kwa kina cha mita 900. Juu ya hayo yametanda mawingu ya tindikali ya salfa yasiyopasuka usiku wala mchana. Mchana wenyewe hauna mfano: Zuhura hujizungusha kinyume cha mzunguko wa dunia, tena kwa uvivu mkubwa, hata baina ya macheo na macheo hupita siku 117 za kwetu.

Asikiaye sifa hizo ana haki ya kuuliza kuna haja gani ya kupeleka chochote mahali kama pale, ikiwa chakula, dawa na madawati ya shule havijatosha huku. Jawabu langu nitalitoa mapema, ili msomaji asinifuate gizani. Safari za Zuhura zimezidi gharama zake kwa thamani, na sababu ni kwamba tangu zama za roketi zilipoanza, hasara iliyopatikana ni ya chuma na fedha, isiwe ya roho za watu. Nami naona kwamba siku atakapopelekwa mtu, mizani hiyo itapinduka. Shahidi wangu ni tarikhi yenyewe, na tarikhi hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa hakika watu waliokufa kwa ajili ya Zuhura wapo, ila walikufa hapa hapa duniani. Mara chache sana Zuhura hupita sawasawa baina yetu na jua, ikaonekana kama nukta nyeusi inayotambaa juu ya uso wa jua kwa saa kadhaa. Mipito hiyo huja miwili miwili, ikiachana kwa miaka minane, kisha hupita zaidi ya karne nzima isionekane tena. Mwingereza Edmond Halley alieleza mwaka 1716 kwamba mpito huo ukitazamwa kutoka pande mbalimbali za dunia, na saa zake zikapimwa barabara, utawezesha kujua umbali uliopo baina yetu na jua, jambo ambalo hakuna aliyelijua kwa hakika wakati ule. Halley mwenyewe alifariki kabla ya kuuona, lakini wasia wake ulishikwa, na mipito ya mwaka 1761 na 1769 ilipofika, mataifa ya Ulaya yalituma wataalamu Siberia, Rasi ya Tumaini Jema, Tahiti, Kalifonia na visiwa vya Bahari ya Hindi, ijapokuwa mpito wa kwanza uliwakuta katikati ya Vita vya Miaka Saba.

Charles Mason na Jeremiah Dixon walikuwa hawajapita hata mlango wa bahari wa Uingereza, Januari 1761, manowari yao iliposhambuliwa na Wafaransa, wakafa watu 11. Wawili hao wakaandika barua ya kutaka kuacha safari, wakajibiwa kwa vitisho vya kushitakiwa, wakaendelea, na mwishowe wakapimia Rasi ya Tumaini Jema. Lakini aliyeonja uchungu wa Zuhura kuliko wote, na ambaye kisa chake kilipita katika bahari yetu wenyewe, ni Mfaransa Guillaume Le Gentil. Aliondoka kwao Machi 1760, ametumwa na Chuo cha Sayansi cha Paris kwenda Pondicherry, bandari ya Wafaransa katika Bara Hindi. Alifika Morisi mwezi wa Julai, akakuta vita vimeziba njia. Alipopata merikebu ilikuwa Machi mwaka wa pili, na pepo, kama ajuavyo kila nahodha wa majahazi, hazimwulizi abiria ana miadi ya wapi: zilimzungusha majuma mengi, na alipokaribia pwani ya Malabar akapata habari kwamba Pondicherry imekwisha kutekwa na Waingereza. Merikebu ikageuza omo. Tarehe 6 Juni 1761, siku aliyoiandalia safari yote, Le Gentil alikuwa katikati ya bahari, mbingu zimetakata juu yake, naye asiweze kupima lolote la maana, kwa kuwa sitaha inayoyumba haikubali darubini, na saa za zama hizo hazikushika wakati sawasawa chomboni.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye alipiga hesabu kwamba umebaki muda wa miaka minane mpito wa pili uje, akaamua kuungoja huku huku, akizunguka baina ya Morisi na Madagaska, akichora ramani za pwani na kuandika habari za pepo, za mikondo ya bahari na za wenyeji. Mwaka 1766 alikwenda Manila, akaona ndipo mahali panapofaa, lakini gavana wa Kihispania alimtilia shaka, na kutoka Paris likaja shauri kwamba Pondicherry, iliyokwisha kurudishwa kwa Wafaransa baada ya sulhu, ni bora zaidi. Akaenda. Akajenga kituo cha kutazamia, akapokewa kwa heshima, akaletewa hata darubini na Waingereza waliokuwa maadui wa jana. Asubuhi zote za mwezi wa Mei 1769 zilikuwa safi. Asubuhi ya tarehe 4 Juni wingu likatanda, likafunika jua hadi mpito ulipokwisha, kisha likaondoka. Manila siku ile hakukuwa na wingu. Alirudi Paris Oktoba 1771, baada ya miaka 11 na miezi kadhaa, amedhoofishwa na maradhi ya kuhara, akakuta amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa maiti: kiti chake cha Chuo amepewa mwingine, na warithi wake wamo katika kugawana mali. Ilibidi afungue kesi mahakamani ili athibitishe kwamba yu hai.

Wenzake wengine hawakupata hata nafasi ya kushitaki. Jean-Baptiste Chappe d'Auteroche aliutazama mpito wa 1769 katika ncha ya kusini ya rasi ya Kalifonia, mahali palipokuwa na tauni ya homa. Aliusubiri akijua hatari iliyopo, akapata vipimo vyake, na kabla ya miezi miwili kutimia akafa pamoja na wengi wa kundi lake. Charles Green, mwanafalaki wa Kapteni James Cook huko Tahiti, alifia baharini mwaka 1771 akirudi. Vipimo vyao, pamoja na vya wengine, vilikusanywa na Jérôme Lalande, naye akatoa umbali wa jua kuwa kilomita milioni 153. Kwa hesabu za leo ni milioni 149.6. Kwa watu waliosafiri kwa tanga na kuhesabu kwa kalamu ya unyoya, kosa hilo ni dogo la kustaajabisha. Na katika mpito ule wa 1761, Mrusi Mikhail Lomonosov, akitazama kutoka nyumbani kwake St Petersburg bila ya kuhatarisha chochote isipokuwa macho yake, aliona ukingo wa nuru ukiizunguka Zuhura ilipokuwa ikigusa jua, akatambua kwamba sayari ile imevikwa hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyokuja kuwasumbua wahandisi wa karne mbili baadaye.

Sitachelewa katika zama za dhana. Madhali mawingu hayakupasuka, kila mtu aliijaza Zuhura alichotaka, na mwanzoni mwa karne ya 20 Msweden Svante Arrhenius, aliyekuwa na Tuzo ya Nobel, aliieleza kuwa nchi ya unyevu na mabwawa, imejaa mimea, kama misitu ya Kongo iliyozidishwa joto. Wengine walisema ni bahari tupu. Mwaka 1932 wanafalaki wa Mlima Wilson huko Marekani walitambua hewa ya ukaa katika mwanga wake, na mwaka 1956 mawimbi ya redio yaliyopokewa kutoka huko yakaonyesha joto la zaidi ya nyuzi 300, jambo ambalo wengi waliona haya kuliamini, maana lilifuta misitu, mabwawa na bahari kwa mkupuo mmoja. Ilibaki kwenda kuona.

Waliotangulia kwenda hawakufika, au walifika wakiwa maiti. Warusi walirusha Venera 1 Februari 1961, ikanyamaza njiani, ikapita kando ya Zuhura kama kipofu anavyopita kando ya mlango wa nyumba anayoitafuta. Wamarekani walirusha Mariner 1 Julai 1962, ikaharibiwa kwa amri kabla ya dakika tano kutimia, baada ya kupotea njia, na mojawapo ya sababu ni alama moja iliyosahauliwa katika maelekezo ya hesabu za kuiongoza. Pacha wake, Mariner 2, alipita umbali wa kilomita 34,800 hivi kutoka Zuhura tarehe 14 Desemba 1962, akawa chombo cha kwanza kuleta habari za sayari nyingine kutoka karibu yake: joto ni la kweli, nalo hutoka chini. Kwa upande wa Sovieti, majaribio yapatayo kumi yaliharibika mfululizo, na Venera 3, iliyoanguka juu ya Zuhura Machi 1966, ikiwa kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kufika katika sayari nyingine, ilikuwa imekwisha kukata kauli kabla ya kufika.

Hapa pana jambo ambalo kwa rai yangu ni aibu kubwa kuliko kushindwa kwenyewe. Vyombo vya Kisovieti vilivyokwama karibu na dunia, visiweze kuanza safari, vilibatizwa jina la Kosmos na namba, kana kwamba havikukusudiwa kwenda popote, na ulimwengu ukaambiwa ni majaribio ya kawaida. Anayeficha hasara huinunua mara mbili, kwa sababu waliopo nje ya ukuta hawawezi kumsaidia, na waliopo ndani huogopa kusema.

Sergei Korolev, mkuu wa waundaji wa roketi za Kisovieti, alipofariki Januari 1966, kazi ya sayari ilikuwa imekwisha kukabidhiwa kiwanda cha Lavochkin chini ya Georgy Babakin, na hapo mambo yakabadilika. Venera 4 iliingia katika hewa ya Zuhura tarehe 18 Oktoba 1967, ikateremka kwa mwavuli, ikisema kwa dakika 93. Kuna habari moja ndogo ya chombo hicho ambayo huniambia mengi kuliko takwimu: waliokiunda, wasijue kama kitatua nchi kavu au majini, walikipa uwezo wa kuelea, wakaweka na komeo la sukari, ili kikianguka baharini sukari iyeyuke na antena ijifungue. Hivyo ndivyo ujinga ulivyokuwa mkubwa mwaka ule, na hivyo ndivyo walivyoukiri kwa ustadi. Kipimo cha mwisho kilikuwa nyuzi 262, na mgandamizo wa zaidi ya mara 18 wa hewa yetu, kikanyamaza. Moscow ikatangaza kwamba kimegusa ardhi. Siku ya pili yake Mariner 5 ya Wamarekani ilipita karibu, na vipimo vya pande mbili vilipolinganishwa ilidhihirika kwamba Venera 4 ilikuwa bado juu angani, kilomita zaidi ya 20, na kwamba chini yake kulikuwa na joto na uzito ambao hakuna aliyeuandalia chombo. Wataalamu wa mataifa mawili yaliyokuwa yakitishiana kwa mabomu walikaa pamoja wakayasawazisha maneno yao. Venera 5 na Venera 6, za Mei 1969, zilizoimarishwa kiasi, nazo zilipondwa kabla ya kufika chini.

Ndipo Babakin na watu wake walipoacha kubahatisha. Venera 7 ilitengenezwa kwa metali ya titani, mviringo kama yai, yenye matundu machache iwezekanavyo, ikajaribiwa kwa mgandamizo wa mara 180, maradufu ya ule ambao leo tunajua upo. Iliteremka tarehe 15 Desemba 1970. Mwavuli ulichanika, chombo kikaanguka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kikapiga ardhi, sauti ikakatika, nao waliokuwa wakisikiliza wakajua wamefiwa tena. Majuma yalipita kabla mtu hajarudia kanda za sauti, akakuta, ndani ya kelele za mbingu, mnong'ono uliodumu dakika 23: chombo kilikuwa kimelala ubavu, antena yake imeelekea kando, kikiendelea kurudia neno moja tu, kwa kuwa swichi ya vipimo vingine ilikuwa imekwama. Neno hilo lilikuwa joto, nyuzi 475. Ndiyo sauti ya kwanza kupokewa kutoka juu ya ardhi ya sayari nyingine. Nikipata ruhusa ya kuchepuka kidogo, nitakumbusha kwamba siku tatu kabla yake, tarehe 12 Desemba, Waitalia walikuwa wamerusha kwa niaba ya Wamarekani, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, satelaiti ya kwanza ya kutazama miali ya eksirei angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya kujitawala, ikaitwa Uhuru. Mtu wa pwani aliyetazama juu juma lile angekuwa na sababu mbili za kutazama.

Yaliyofuata yalikuja kwa kasi. Venera 8 mwaka 1972 ilipima nuru, ili kujua kama kamera itaona kitu. Venera 9 na 10, Oktoba 1975, zikaona: mawe bapa yenye kingo kali, udongo baina yake, na mwanga kama wa siku ya masika iliyofunga. Kila kimoja cha vyombo hivyo kilikuwa na kamera mbili, na katika kila kimoja kifuniko cha kamera moja kiligoma kutoka, hata picha zikawa za upande mmoja. Mwaka 1978, katika Venera 11 na 12, vifuniko vyote viligoma, isipatikane hata picha moja. Waliporudi Machi 1982 walikuwa wamevitengeneza upya, na vilitoka vyote. Venera 13, iliyokusudiwa kuishi dakika 32, ikaishi dakika 127, ikaleta picha za rangi, ikatoboa jiwe na kulipima, likaonekana kuwa jamii ya basalti. Venera 14 siku nne baadaye ilifanya vivyo hivyo, isipokuwa mkono wake wa kupimia ugumu wa udongo ulitua barabara juu ya kifuniko cha kamera kilichokuwa kimeanguka hapo, ukapima kwa uaminifu mkubwa ugumu wa kifuniko. Mwaka 1985 vyombo vya Vega 1 na Vega 2, vikiwa njiani kukiendea kimondo chenye mkia cha Halley, viliacha mawinguni maputo mawili yaliyopeperushwa kwa saa 46 hivi kila moja, kwa umbali wa kilomita 54 juu ya ardhi, mahali ambapo joto na mgandamizo hukaribia vya kwetu. Tangu hapo hakuna kilichotua Zuhura kikatuma habari.

Tukijumlisha muda wote ambao vyombo vya Venera na Vega vimeishi juu ya ardhi ile, hautimizi hata siku moja na usiku wake. Gharama hiyo yote kwa saa chache? Nasema ndiyo, kwa sababu kilichopatikana kilikuwa kikitafutwa huku. Waliposhindwa kueleza kwa nini Zuhura, ambayo mawingu yake meupe huirudisha angani sehemu kubwa ya nuru ya jua, ina joto kuliko Utaridi iliyo karibu zaidi na jua, wataalamu walilazimika kufanya hesabu za hewa ya ukaa na jinsi inavyozuia joto lisitoke, na sayari ile ikawa mahali ambapo hesabu hizo zilipimwa na kuonekana kuwa kweli. James Hansen wa Marekani, ambaye mwaka 1988 alilieleza baraza la Seneti la nchi yake kwamba dunia imeanza kupata joto, alikuwa ameanza kazi yake kwa kuchunguza mawingu ya Zuhura, na alikuwa na kipimo chake ndani ya chombo cha Pioneer Venus kabla ya kuigeukia dunia. Mkaazi wa Lamu, wa Pangani au wa Unguja, ambaye bahari inamlia ufuko na minazi, asidhani kwamba elimu hiyo ilichumwa kwa ajili ya wengine.

Sasa limebaki suala la watu. Mwaka 1967 wahandisi wa Marekani walipanga kwa makini, kwa kutumia roketi na vyombo vya Apollo vya kwendea mwezini, kuwapeleka watu watatu wapite tu karibu na Zuhura, waondoke mwaka 1973 na warudi baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Bunge lao lilikata fedha, na nadhani lilitenda kheri bila ya kujua, kwa maana Agosti 1972 jua lilitoa tufani ya miali kali kiasi kwamba wataalamu hadi leo hushukuru kwamba iliangukia baina ya safari ya Apollo 16 na ya 17. Wasafiri wa Zuhura, wanaoliendea jua badala ya kuliondokea, wangekuwa njiani kwa miezi bila ya pa kukimbilia, lau tufani nyingine kama hiyo ingewajia. Siku hizi wapo wanaoota miji ya maputo ndani ya mawingu yale, wakitoa hoja kwamba huko juu hali si kali. Hoja yao ni ya kweli kwa hesabu ya kipimajoto na kipimahewa. Lakini mtu si kipimajoto: anataka maji, hewa na njia ya kurudi, na chini yake zipo kilomita 50 za kuanguka motoni. Chochote ambacho angekiona kwa macho, mashine itakiona kwa bei ya sehemu ndogo, na ikifa hatutamzika mtu. Wajapani wametuonyesha pia saburi ya mashine: Akatsuki yao, ambayo injini yake iliharibika Desemba 2010 ilipojaribu kuingia katika mzunguko wa Zuhura, ililizunguka jua kwa miaka mitano, ikarudi Desemba 2015, ikaingia, ikafanya kazi hadi mwaka 2024. Hakuna mwanadamu ambaye angeweza kuambiwa asubiri hivyo.

Hata chombo kilichoshindwa kinaweza kudumu kuliko aliyekiunda. Kosmos 482, ndugu wa Venera 8, kilirushwa tarehe 31 Machi 1972, kikakwama katika kuizunguka dunia, na yai lake la titani, lenye uzito wa karibu kilo 500, likaendelea kutuzunguka kwa miaka 53. Tarehe 10 Mei 2025 lilirudi, na kwa tangazo la shirika la anga la Urusi, likaangukia Bahari ya Hindi, magharibi ya Jakarta, bila ya kumdhuru mtu.

Kuna vyombo vinavyoandaliwa Marekani na Ulaya kwenda huko tena, navyo vitakwenda au havitakwenda kwa kadiri ya fedha na siasa za wenyewe. Ila lipo jambo ambalo halingoji fedha za mtu. Chombo cha Magellan, kilichofika Zuhura Agosti 1990, kilichora kwa rada asilimia 98 ya uso wake, kisha kikateketezwa katika hewa yake mwaka 1994. Na mwaka 2023, takriban miaka 30 baadaye, wataalamu wawili waliolinganisha picha hizo za zamani waligundua tundu la volkano katika mlima wa Maat lililobadilika umbo na kupanuka baina ya picha moja na nyingine za mwaka 1991, dalili kwamba milima ya moto ya Zuhura haijazimika. Katika picha hizo zipo nyufa kubwa katika eneo la Beta ambazo wanajiolojia wamezifananisha na Bonde la Ufa letu, na upo mfereji wenye urefu wa kilomita 6,800 hivi, ambao baadhi yao wameuwazia kuwa ulichongwa na lava nyepesi ya namna ile ambayo duniani leo hutoka katika mlima mmoja tu, Oldoinyo Lengai. Picha zote ziko wazi kwa kila mwenye kompyuta. Enyi vijana wa jiolojia na hesabu wa Dar es Salaam, Nairobi, Dodoma na Kampala, mnaoweza kuupanda mlima huo na kuliona bonde hilo kwa macho, zitazameni.